Amin Niliyotumwa Kuitikia

Msomaji mmoja wa Vitengeni ameniandikia kupitia kwa mhariri. Anauliza mtu kama mimi hupata wapi usingizi. Mwingine, ambaye hakutaja atokako, ameapa kwamba akiniona Kilifi atanipiga mawe. Wa kwanza namjibu kwamba silali. Wa pili namwomba asubiri asome ya leo, huenda akatafuta mawe makubwa zaidi.

Aliyekosa gazeti la wiki jana asipate tabu, habari ni fupi. Mimi, Zein, nilikuwa naibu wa Mkubwa Joram kwa miaka kumi na minne, katika kituo cha polisi cha mji mmoja wa pwani ambao jina lake nimelificha. Mwaka wa njaa, ule mwaka wa unga wa manjano, fundi redio aitwaye Jaafar alisimama barazani akasema mbele ya watu kwamba vigingi vya mipaka vilivyochomekwa katika shamba la mamake kule Sabaki vilikuwa vya Mkubwa. Akakamatwa siku ile ile.

Jaafar alikuwa na pumu. Siku ya pili alianza kukosa pumzi, akaomba kipampu chake cha dawa. Kipampu kilikuwa mfukoni mwangu, na funguo za seli pia. Mkubwa alikuwa amekwenda mkutanoni Kilifi na kuacha amri kwamba mlango ule usifunguliwe mpaka arudi. Sikuufungua. Aliporudi saa kumi, Jaafar alikuwa ameshakufa.

Nikaandika kwamba aliachiliwa akiwa mzima. Nikampeleka mwenyewe kando ya mto Sabaki, na kesho yake nikaenda kumwokota, mbele ya watu, nikasema amezama.

Hayo mmeyasoma. Lakini kuna jambo nililiruka kwa aibu. Siku ile Jaafar alipokuwa akivuta pumzi kwa shida, Koplo Simeon alikuja ofisini kwangu. Simeon alikuwa mtu wa bara, Mkristo, hana hata miaka miwili hapa pwani. Aliniambia, "Afande, nipe mimi ufunguo. Mkubwa akiuliza, sema nilikunyang'anya." Nilimwambia arudi kaunta. Alisimama pale mlangoni kitambo, akanitazama, kisha akarudi.

Mgeni alikuwa tayari kuipoteza kazi yake kwa ajili ya Jaafar. Mimi niliyecheza naye mpira utotoni nilikaa nikachonga penseli. Wiki haikuisha, Simeon akahamishwa mbali, wala hakuniaga.

Sasa tuendelee.

Siku kumi baada ya maziko, siku ya Ijumaa, Maalim Badawi alisimama msikitini baada ya sala akatoa tangazo. Hakupandisha sauti. Alisema Bi Mwanasiti, mama wa marehemu Jaafar, ameomba isomwe Halbadiri nyumbani kwake Jumatatu baada ya alasiri. Aliye na lake kuhusu kifo kile aje aseme kabla ya hapo. Asipokuja, asimlaumu mtu.

Nilikuwa safu ya tatu. Aliyekuwa kulia kwangu alisogea kidogo. Aliyekuwa kushoto naye akasogea. Nilibaki na nafasi ya watu wawili kila upande, na msikiti ulikuwa umejaa.

Kwa msomaji wa bara asiyejua, nieleze. Halbadiri ni kisomo. Husomwa majina ya waliopigana vita vya Badri, ubani ukifukizwa, na katikati maalim huomba dua dhidi ya dhalimu asiyejulikana. Waliohudhuria huitikia amin. Anayeitikia anaomba lile balaa limpate aliyetenda. Kama aliyetenda ni yeye mwenyewe, basi amejiombea kwa kinywa chake. Na wazee wetu husema haiishii kwake. Huingia nyumbani ikafika mpaka kwa wanawe.

Unaweza kucheka. Mimi nina binti, anaitwa Jaha, na wakati ule alikuwa na miaka sita. Sikucheka.

Jumamosi asubuhi nilifika kituoni nikakuta foleni. Mtu mmoja alikuwa amerudisha mabati manne. Mwingine baiskeli, akidai ameiona imeegemea ukuta wake tu. Mzee mmoja alitoka Adu na jogoo mkononi, akasema jogoo huyu si wake, na zaidi ya hapo asiulizwe. Hakuna aliyejua vizuri kisomo kile kilikuwa cha nani, kila mmoja aliyekuwa na doa alidhani ni chake.

Mkubwa Joram alitoka ofisini, akamtazama jogoo, akaniita.

Niwaeleze kidogo kuhusu mtu huyu. Hakuwa mpiga kelele. Miaka yote ile sikumwona akimpiga mtu hata kofi. Kazi ya mikono ilikuwa yetu sisi. Kingine, Mkubwa alikuwa haandiki. Alisema tu, tena kwa sauti ya chini, halafu akapanda gari akaenda mahali penye watu wengi. Kila uchafu ulipotendeka, yeye alikuwa Kilifi au Mombasa, anakunywa chai na wakubwa wenzake. Karatasi zote zilikuwa na sahihi moja, na sahihi hiyo ni yangu. Nilijua. Niliona ni heshima kuaminiwa hivyo. Nilipenda watu wanipishe njia, nilipenda wauza samaki wanyamaze nikipita. Mpumbavu hana alama usoni, lakini mimi nilivaa yangu mabegani, nyota mbili.

Nikamweleza Halbadiri ni kitu gani. Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akaacha kucheka.

"Inasomwa Jumatatu?"

Nikamwambia ndiyo, baada ya alasiri, nyumbani kwa mama wa marehemu.

"Basi utaenda. Utavaa sare yako yote. Utakaa mbele, na watu wakisema amin, yako isikike."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, sikuona mzaha.

"Mkubwa, hilo siwezi."

"Huwezi kwa nini? Wewe uliua?"

"Sikuua."

"Na mimi niliua?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Mimi nilikuwa Kilifi," akasema. "Watu ishirini waliniona. Funguo zilikuwa na nani?"

Akafungua saraka ya meza yake, akatoa kitabu cha funguo, kile ambacho kila anayezishika hutia sahihi kwa saa na dakika. Alikuwa ameshakihamisha kutoka kaunta. Akaufungua ukurasa wa siku ile akanisogezea. Jina langu lilikuwa hapo toka asubuhi hadi jioni, kwa mwandiko wangu mzuri niliofundishwa shuleni.

Akaniambia kwamba Jumanne anakuja mtu kutoka Mombasa kuuliza maswali, kwa sababu yule mama ameandikiwa barua ya mashtaka na mtu anayejua kuandika. Mji ukimwona naibu wa polisi akimlaani muuaji Jumatatu, na Jumanne yu mzima anatembea, nani atakuwa na swali tena? Alikuwa amelipanga jambo zima huku anacheka.

"Na nikikataa?" nikauliza.

"Ukikataa, watu wako watajua ni wewe. Sitahitaji hata kuwaambia."

Nikamwambia kwa sauti ambayo sasa nikiikumbuka naona haya, nikamwambia Mkubwa, wewe si mtu wa huku, hujui unanituma nini.

Akafunga saraka kwa ufunguo. "Nimekaa hapa kabla mtoto wako hajazaliwa," akasema. "Unadhani sijui nakutuma nini?"

Hapo ndipo nilipomchukia. Miaka yote kabla ya hapo nilimwogopa nikaita hofu ile utiifu. Siku ile nilimchukia, na chuki ile ninayo hadi leo, haijapoa hata kidogo. Lakini nilipiga saluti nikatoka. Hata chuki yangu ilitoka kwa kufuata utaratibu.

Jumapili asubuhi niliamka nimekata shauri. Nitakwenda kwa Bi Mwanasiti, niseme. Muda ulikuwa bado upo, Maalim alisema kabla ya Jumatatu. Niseme nilikuwa na ufunguo, niseme nilikuwa na dawa. Wanifanye watakalo.

Mnapaswa kujua kwamba Bi Mwanasiti hakuwa mama wa Jaafar tu. Ndiye aliyekuwa somo wa mke wangu, Harusi. Yeye ndiye aliyemfunda alipoolewa nami, akakaa naye ndani siku saba. Kwetu mwanamke anaweza kumficha mumewe, akamficha hata mamake mzazi, lakini somo wake hamfichi. Nilikuwa nikiingia nyumba ile kama kwangu.

Nilibisha hodi. Nilikaribishwa. Nikasema shikamoo, na yeye akaitikia marahaba, kwa sababu alikuwa mwanamke aliyelelewa. Kahawa hakuleta.

"Kaa hapo," akaniambia. "Hapo pa Jaafar."

Kilikuwa kiti cha miguu mitatu karibu na meza ya kazi. Redio za watu zilikuwa bado zimefunguliwa, matumbo nje. Nikakaa. Nikafungua kinywa, na yeye akanitangulia.

"Zein, aliyemuosha mwanangu ameniambia neno. Mtu aliyezama mto Sabaki hutoka na tope masikioni, hutoka na mchanga kwenye kucha. Mwanangu alikuwa safi. Kama katoka kuoga."

Nikasema mto una mambo yake.

"Na kipampu chake kiko wapi?"

Kipampu kile kila mtu alikijua. Kilikuwa cha buluu, ami yake alimletea kutoka Jidda, na katika mji wetu hakukuwa na cha pili. Watoto walikuwa wakimwomba awapulizie.

"Huenda maji yamekichukua," nikasema.

"Maji yamemwachia kofia kichwani, yakamtolea kipampu mfukoni?"

Alisema bila kulia. Ningeshukuru angelia. Alinitazama kama mtu anayetazama nyama buchani, anayejua imelala lakini anangoja muuzaji aseme mwenyewe.

Nilikuwa nimekuja kusema. Neno lilikuwa hapa, nyuma ya meno. Ningesema tu "mama, nisamehe," na mengine yangefuata. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema polisi inaendelea na uchunguzi.

Akainuka. "Sitakuuliza tena," akasema. "Ataniulizia Maalim kesho. Mwambie mwari wangu Harusi aje mapema, nataka akae nami."

Nilitoka mbio za kutembea, zile ambazo mtu hataki aonekane anakimbia. Kilichonikimbiza ni kipampu. Sikukitupa, wasomaji wangu. Mnaweza kuniuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza mara nyingi. Polisi wa miaka ishirini, aliyewafunga watu kwa sababu ya vitu vidogo walivyosahau kuvitupa, nilikichukua kipampu cha marehemu nikakitia katika mfuko wa koti langu la mvua, nikalitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Niliona kukitupa ni kumuua mara ya pili. Na mwaka ule mvua ilikuwa imekataa kabisa, nani angegusa koti la mvua?

Nilipofika nyumbani, koti halikuwepo nyuma ya mlango.

Lilikuwa uani, kwenye kamba, limeanikwa. Nikakumbuka. Jumamosi jioni yalianguka manyunyu, ya kwanza baada ya miezi mingi, watu walitoka nje wakishukuru. Mimi nilikuwa kituoni; Harusi lazima alijifunika koti langu kwenda kuchukua kuni zisilowe. Mvua ambayo mji mzima ulikuwa ukiiomba ndiyo iliyokuja kunivua nguo.

Nikatia mkono mfuko wa kulia. Mtupu. Wa kushoto. Mtupu.

Harusi alikuwa jikoni anakuna nazi. Nilisimama mlangoni. Alijua nimesimama, mkono wake uliendelea na mbuzi ya nazi bila kupunguza mwendo. Nilitaka kuuliza. Lakini niulize nini? Nikiuliza kilichokuwa mfukoni, nimeshasema kilichokuwa mfukoni. Nikajiambia kimeanguka barabarani. Nikajiambia kiko chini ya kiti cha gari. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mahali pa kuanzia.

Badala ya kuuliza hilo, nikatoa amri. Ndiyo kazi niliyoizoea.

"Kesho usiende kwa Bi Mwanasiti."

Mkono ulisimama.

"Somo wangu kafiwa na mwanawe wa pekee," akasema Harusi, "kaniita nikae naye, na wewe wasema nisende. Nipe sababu, baba Jaha."

"Nimesema tu."

"Na mimi nimesikia tu."

Akaendelea kukuna. Sikuwa na uwezo wa kumwambia lililokuwa linanitia baridi. Akienda atakaa na wanawake, na wanawake nao huitikia. Angeitikia amin, na kila amin yake ingekuwa juu yangu na juu ya Jaha, na yeye hajui. Nilidhani hajui. Siku ile nilikuwa bado naamini kwamba katika nyumba yangu mimi ndiye mwenye siri.

Usiku ule hakuniuliza kitu, nami sikumuuliza. Asubuhi aliipiga sare yangu pasi, mstari mmoja ulionyooka, akaiweka kitandani. Alimpeleka Jaha kwa bibi yake. Saa nane mchana akavaa buibui akatoka bila kuaga.

Alasiri ilipotoka nilikwenda.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye majamvi, barazani mpaka njiani. Mlango wa ndani ulikuwa na pazia jekundu, nyuma yake wanawake. Maalim Badawi alikuwa mbele, chetezo pembeni, moshi wa ubani unapanda. Nilipotokea na sare, mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyesema karibu. Kijana mmoja alitema mate chini, si miguuni pangu, lakini si mbali nayo.

Nikavua viatu nikapita katikati yao. Walinipisha, kama walivyonipisha siku zote, ila siku ile niliona wanavyokunja nguo zao zisiniguse. Nikakaa mbele, mkono wa kulia wa Maalim, na upande wangu hakukaa mtu.

Ng'ambo ya njia, gari la Mkubwa lilikuwa limeegeshwa penye kivuli, dirisha wazi. Alikuwa amekuja kuangalia mali yake.

Kisomo kikaanza. Majina yalipita moja baada ya moja, sauti za wanaume zimeungana. Utotoni nilikuwa nikiyajua kwa moyo. Midomo yangu ilianza kuyafuata yenyewe, nami nikaizuia, nikaona sina haki ya kuyataja.

Maalim akainua mikono. Akaomba dua ya kwanza, kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe. Ewe Mola, aliyemuua Jaafar kwa mkono wake, mfichue.

"Amin," wakaitikia.

Nikaitikia. Nilijiambia sikumuua kwa mkono wangu. Mkono wangu ulikuwa mezani, na penseli. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kuwa wakili wake mwenyewe hata mbele ya Mungu. Sauti yangu ilitoka sawasawa, nikamwona Mkubwa kule garini anaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Majina yakaendelea. Ubani ukaongezwa. Nikaanza kuamini nitapona. Labda ndiyo hii tu, nikafikiri, labda imekwisha.

Maalim akainua mikono mara ya pili.

"Hii ya pili," akasema, "ameitaka mama mwenyewe, kwa maneno yake. Nami nayasema kama alivyonipa. Ewe Mola, mwanangu alikuwa mgonjwa wa pumzi. Aliyekuwa na uwezo wa kumwokoa, akamsikia, akamwacha, mnyime pumzi. Na nyumba yake uinyime."

Watu wakavuta pumzi kuitikia, lakini Maalim hakushusha mikono. Aliigeuza shingo polepole akanitazama. Ikawa wote wananitazama. Nikaelewa kwamba wananingoja mimi kwanza.

Wiki jana nilisema sitajipamba, basi nisikilizeni. Katika kimya kile nilimfikiria Jaha. Nilimwona amelala, kifua kinapanda na kushuka. Nilikuwa na nafasi, hata pale, ya kusema siwezi. Neno moja tu, siwezi, na laana ile isingekuwa yangu. Wangenirarua, lakini binti yangu angebaki na baba aliyekataa kumlaani.

Nikatazama ng'ambo ya njia. Mkubwa alikuwa ameweka mkono nje ya dirisha, vidole vinagonga mlango wa gari. Niliufahamu mdundo ule. Alikuwa akiugonga mezani nilipochelewa kutii.

Nikasema amin.

Tena niliisema kwa nguvu, kuliko ya mtu yeyote pale, mpaka nikasikia inarudi kutoka ukuta wa nyumba ya pili. Ndipo wanaume wakaitikia nyuma yangu, na wanawake ndani wakafuata. Nilihisi kitu kimenitoka kifuani, na nikajua hakitarudi. Lakini yalikuwa yamekwisha. Maalim alishusha mikono. Mtu mmoja akakohoa. Wazee wawili wakatazamana, nikaona shaka inaingia machoni mwao, shaka ile ile aliyoitaka Mkubwa: kama huyu angekuwa na lake, je, angethubutu?

Nilikuwa nimeponyoka. Nilijichukia, lakini nilikuwa nimeponyoka.

Kisha sauti ya Bi Mwanasiti ikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa kali. Alisema kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Maalim, ngoja kidogo. Humu ndani kuna mmoja hakuitikia."

Maalim akauliza ni nani.

"Ni mwari wangu. Ya kwanza hakuitikia, nikadhani kilio kimemziba. Ya pili pia hakuitikia. Nimekaa naye bega kwa bega, nimemshika mkono. Mkono wenyewe kaufumba, Maalim. Tangu aje kaufumba. Namwomba aufumbue, hataki."

Sikugeuka. Sikuhitaji kugeuka kujua kwamba kila uso pale ulikuwa umetoka kwenye pazia ukaja kwangu. Ng'ambo ya njia nikasikia gari likiwashwa, likaondoka bila haraka, kuelekea upande wa barabara ya Kilifi.

Nikafahamu basi kilichotoka mfukoni mwangu kilikwenda wapi. Na nikafahamu kwa nini hakuitikia. Hakunyamaza kwa ajili yangu, msijidanganye, wala mimi sijidanganyi. Alinyamaza kwa ajili ya Jaha. Laana ile mimi nimeiitikia juu ya mtoto kwa sauti ya juu, na mamake alikuwa amekaa ndani, peke yake, ameuma midomo ili isimpate.

"Harusi," Bi Mwanasiti akasema, "mimi ni nani wako?"

"Somo wangu," nikamsikia mke wangu akijibu.

"Basi fumbua."

Kisha pazia likasogezwa, na Harusi akasimama mlangoni mbele ya wanaume wote wale, ngumi yake ameishikilia kifuani. Miaka minane ya ndoa yetu alikuwa hajapata kunitamka jina. Nilikuwa baba Jaha, na kabla Jaha hajazaliwa nilikuwa wewe. Siku ile alinitazama machoni, akaliita.

"Zein," akasema. "Nifumbue?"